Maswali kwa Mzee wa Shantie, fundi wa barabara wa zamani: Kuvusha motokari juu ya kanivo ni bei gani?

*Jambo sana Mzee wa Shantie. Mimi ni baba wa watoto wanne, tunakaa Kampemba, hapa Lubumbashi. Mwezi wa tatu nilinunua motokari, ya mkono wa pili, yangu ya kwanza, na mpaka leo inalala kwa jirani anayeosha magari. Namlipa kila mwisho wa mwezi. Sababu ni kanivo, mfereji wa maji ya mvua. Mbele ya lupango wangu, yaani kiwanja changu, kuna kanivo yenye upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 60, na sisi wenye miguu tunavuka kwa mbao mbili. Geti nimekwisha kuweka, mita tatu na nusu.*

*Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza amesema dola 120: ataweka tiyo, yaani bomba, atafukia, kesho yake naingia. Wa pili dola 350, dale ya betoni, yaani bamba la zege. Wa tatu dola 900, naye pia dale ya betoni. Mzee, dale si ni dale? Mke wangu anasema huyo wa tatu ameona motokari akadhani nina mali. Nisaidie kabla mvua haijaanza.*
*Baba wa Wanne, Kampemba*

Baba wa Wanne, jambo, na pole kwa kulipia motokari kitanda kwa jirani.

Mke wako nisalimie. Anachosema kipo. Mimi mwenyewe enzi zangu nilikuwa natazama kwanza viatu vya mwenye nyumba, halafu ndipo nataja bei. Lakini safari hii nadhani huyo wa tatu ndiye peke yake aliyeinama akachungulia ndani ya kanivo. Wale wawili walitazama geti.

Tuanze na ile ya dola 120, kwa sababu ndiyo niliyoifanya mimi, na nilikuwa mtu wa barabara, si mwanafunzi. Nilikuwa nakaa Katuba, nina pikapu ya zamani isiyo na taa moja. Nikapata tiyo ya betoni ya sentimita 30 kwa bei ya urafiki, nikailaza ndani ya kanivo, nikafukia kwa udongo mwekundu na vifusi, nikashindilia kwa miguu pamoja na watoto. Jumamosi moja tu. Jioni pikapu ikaingia, majirani wakapiga makofi.

Ikaja Januari. Wewe ni mtu wa Lubumbashi, unajua Januari yetu. Mvua ilianza saa mbili usiku na haikuchoka mpaka alfajiri. Saa kumi na moja nikasikia geti linagongwa kwa chuma. Ni mama wa lupango wa juu yangu, mjane, mtu mpole ambaye hakuwahi kuniinulia sauti. Amesimama na mwiko mkononi, kitenge kimelowa mpaka magotini. Hakusema neno. Alinionyesha tu kwa mkono, nikamfuata. Jikoni kwake maji yalikuwa yamefika usawa wa mbabula, lile jiko la makaa, na sufuria ya sombe ya jana ilikuwa inaelea polepole kuelekea mlangoni, kama mgeni anayeaga.

Nililala kifudifudi barabarani na tochi mdomoni, nikaingiza mkono ndani ya tiyo yangu mpaka begani. Nikavuta gunia la makaa, tupu. Nikavuta sapato moja ya mtoto. Halafu mkono ukagusa kitu kigumu chenye manyoya, nikaogopa, nikadhani ni mnyama. Zilikuwa kokwa za maembe. Unajua msimu wa maembe watu wanakula wakitembea na kokwa wanatupa wapi. Zilikuwa zimejipanga pale kama mayai kwenye kiota, nyuzi zake zimeshikana na mifuko ya plastiki mpaka zimekuwa kizibo kimoja. Nilikitoa kwa mtaimbo, na maji yakaondoka kwa kishindo.

Baadaye nikakaa na kalamu, kazi ambayo ningeifanya kabla. Kanivo ya 80 kwa 60 ina tundu la sentimita za mraba 4,800. Tiyo ya 30 ina tundu la sentimita za mraba 700 na kidogo. Yaani maji yalikuja na mlango, mimi nikayaachia karibu sehemu moja ya saba ya mlango huo, na hapo ni kabla ya maembe. Kwenye bei ya tiyo yangu ya urafiki ongeza godoro moja, gunia mbili za unga wa mahindi, na miaka miwili ya kusalimiwa na yule mama kwa kichwa tu. Kwa hiyo ile dola 120 nimeifuta kwenye karatasi yako. Usiniulize tena.

Sasa 350 na 900. Unasema dale ni dale. Kweli, lakini dale hailali hewani. Muulize kila mmoja swali hili moja: dale yako italala juu ya nini? Nakupa kazi ya dakika tano. Shuka ndani ya kanivo na ufunguo wa geti, kwaruza katikati ya matofali ya ukuta wake, upande wa barabara na upande wako. Katika mitaa yetu mingi kuta hizo ni matofali ya kuchoma ya udongo wa kichuguu, na yaliyoshikanisha mara nyingi ni udongo huohuo. Ikitoka unga mwekundu unaomwagika kama pilipili, ukuta huo ulijengwa kuzuia udongo usianguke, basi. Haukujengwa kubeba motokari. Motokari ndogo na watu watano ndani inakaribia tani moja na nusu. Dale itabaki nzima, nzuri, imelainishwa vizuri, na chini yake ukuta utasagika mvua moja baada ya nyingine, mpaka siku gurudumu la nyuma liingie.

Nadhani, na wewe utathibitisha kwa kuuliza, fundi wa 350 anataka kulaza dale juu ya matofali hayo. Wa 900 anataka kuvunja mita nne za ukuta kila upande na kujenga upya kwa mawe, moelo, unene wa sentimita 30, msingi wake umeshuka sentimita 20 chini ya sakafu ya kanivo. Kama ndivyo, mke wako amwombe radhi.

Nakuandikia vifaa ili uweze kumhesabia. Sitaandika bei ya simenti hapa, kwa sababu gazeti hili linakaa mezani miezi mitatu na bei ya simenti haikai hata wiki mbili. Nenda dukani mwenyewe, uliza ya leo, zidisha.

Dale yenyewe: urefu mita 4, ili izidi geti lako robo mita kila upande, maana dereva mpya hakati kona kama mzee. Upana mita 1.20, ndiyo zile 80 za kanivo na sentimita 20 za kulalia kila upande. Unene sentimita 15. Hiyo ni betoni isiyofika hata mita moja ya ujazo, ni 0.72. Kwa mchanganyo wa kilo 350 za simenti kwa mita ya ujazo, ni mifuko mitano ya kilo 50. Kuta za moelo pande zote mbili ni karibu mita mbili za ujazo za mawe, nazo zitakula mifuko minne. Weka mmoja wa kumwagika: jumla kumi. Mchanga wa mto, mita moja ya ujazo. Kokoto, 0.6. Vyuma vya milimita 12, vile virefu vya mita 12, vinne. Vyuma vya milimita 8, vitatu. Waya wa kufungia, mbao za kofraji, za kushikilia betoni mbichi, ambazo unaweza kukodi, misumari. Basi. Fundi akikuandikia mifuko ishirini, mwambie akuonyeshe kumi zingine zinaingia wapi, kwa upole, huku unamtazama.

Kuhusu vyuma nina neno, maana hapa ndipo pesa nyingi ya mji huu inazikwa bure. Juzijuzi, Bel-Air, nilimkuta kijana anafunga vyuma vya dale kama hiyo yako. Kazi safi, mafundo yamenyooka kama nywele za kusuka. Lakini vyuma vinene alikuwa amevilaza kwa urefu, sambamba na kanivo, na vile vyembamba ndivyo vinavuka. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, mzee, kirefu ndicho chenye nguvu. Nikanunua muhogo mbichi kwa mama wa pembeni, nikamwambia shika ncha mbili, mimi nabonyeza katikati. Muhogo unapasuka kuanzia wapi? Chini. Na unapasuka kati ya mikono miwili. Mikono miwili ndiyo kuta za kanivo. Chuma cha 12 lazima kivuke kanivo kutoka ukingo hadi ukingo, kama wewe unavyovuka, na kikae chini ndani ya betoni, sentimita tatu tu kutoka kwenye mbao. Weka vijiwe chini ya chuma ili kisizame mpaka mwisho. Kijana alifungua yote akafunga upya. Muhogo tukaula.

Jambo jingine, na hili nalisisitiza kuliko yote: usimwage dale moja ya mita 4. Mwaga vipande vinane, kila kimoja nusu mita kwa mita 1.20, kila kimoja na vyuma vinne vya 12 na masikio mawili ya chuma ya kushikia. Kipande kimoja kitakuwa na kilo kama 225. Watu sita na mitaimbo miwili wanakiinua. Betoni ni ileile, na chuma ni kilekile. Tofauti utaiona siku ya salongo, wakati majirani wote wanatoa mchanga kwenye kanivo zao na wewe unafungua kifuniko chako kama wao, badala ya kusukuma mti mrefu gizani ukiomba Mungu. Ila kwa dale ya vipande, lori la mchanga lisipite juu. Limwage nje, ubebe kwa brueti, lile toroli la gurudumu moja. Mita moja ya ujazo ya mchanga peke yake ni kama tani moja na nusu, na lori halibebi mita moja.

Na dale isizame ndani ya kanivo ili ionekane imelingana na barabara. Wengi wanapenda hivyo kwa uzuri. Ukiizamisha sentimita 15 umekula robo ya kina cha maji. Ilaze juu ya kuta, iwe juu ya barabara kwa hizo 15, halafu tengeneza mteremko wa mita moja na nusu kuelekea barabarani, na mwingine kuelekea getini. Motokari haitakwaruza tumbo. Na faida ya pili utaiona mwenyewe mvua ikija: maji ya barabara hayatapanda dale kuingia kwako.

Wakati ni huu, kiangazi. Lakini betoni ya kiangazi chetu inakauka juu kwa upepo kabla haijapata nguvu ndani. Ifunike kwa magunia, yamwagie maji asubuhi na jioni siku saba. Motokari isipande kabla ya siku 28. Najua utapanda siku ya 20. Angalau usimpakie shemeji.

Ruhusa. Kanivo hiyo si yako, hata kama unaifagia wewe. Tangu sheria ya ardhi ya Julai 1973 ardhi ni mali ya Serikali, na barabara pamoja na mifereji yake ni ya matumizi ya wote. Hati yako inaishia kwenye ukuta wako. Kwa hiyo kabla ya nyundo ya kwanza mpitie mkuu wa katiye, yaani mtaa, halafu komini, yaani manispaa, na uwaulize kama avenyu yenu iko chini ya OVD, ile ofisi ya barabara za mjini na mifereji. Chora karatasi moja: upana wa kanivo, kina, dale itakaa wapi, na andika wazi kwamba tundu la maji linabaki 80 kwa 60. Unachokilipa kiwe na risiti yenye muhuri. Karatasi hiyo itakusaidia siku barabara ikitengenezwa, maana anayekuja na mashine anauliza kwanza nani alikuruhusu.

Sasa hiyo 900. Mwambie fundi aivunje iwe mistari: vifaa huku, kazi ya mikono huku. Mimi nilikuwa nadai kazi ya mikono theluthi ya bei ya vifaa, na kwa kuvunja ukuta wa zamani naongeza kidogo, kwa sababu ni kazi ya uchafu na panya. Akikubali kuandika mistari, nunua vifaa mwenyewe, mpe avansi ya kazi ya wiki ya kwanza, na bei hiyo itashuka bila ugomvi. Akikataa kuandika, mwite yule wa 350 umwonyeshe ukuta ulioukwaruza kwa ufunguo, umuulize sasa anasemaje. Mara nyingi fundi wa bei ndogo si mwizi. Hakuna aliyemuuliza swali tu.

*Mzee, mdogo wangu yuko Uingereza, mji wa Leeds, mwaka wa tisa sasa. Tulimwomba mchango wa arusi hapa nyumbani, akajibu pesa imekwisha, ametumia pauni 2,600 kushusha mawe ya pembeni mwa barabara ili gari iingie kwake. Si kujenga geti, hapana, si ukuta, kushusha mawe! Akatuma picha: mawe matano yamekaa chini kuliko wenzao, na mawili ya kuinama huku na huku. Hata kanivo haipo. Mama yetu anasema mtoto amejifunza uongo wa Ulaya. Mawe saba kwa pesa hiyo, inawezekana?*
*Yaya wa Ruashi*

Yaya, kaa chini na Mama akae. Inawezekana, na mdogo wako hakulipa hata ya juu kabisa. Kule kazi hiyo huanzia kama pauni 1,000 na inaweza kupita 3,000, kutegemea halmashauri ya mahali na upana wa trotwari, ile njia ya miguu ya pembeni.

Nimeitazama picha uliyotuma. Jiwe la ukingo la Uingereza lina urefu wa sentimita 91 na nusu, kwa hiyo matano ni mita nne na nusu, na yale ya kuinama ni ya kuunganisha juu na chini. Kwa kawaida ukingo wao unasimama sentimita 10 hadi 12 juu ya lami. Yaliyoshushwa yanabaki kama sentimita mbili na nusu tu, yaani gurudumu linapanda bila kuruka, lakini maji bado yana kijiukuta cha kufuata. Kanivo ya wazi hawana, ndiyo. Maji yao yanatembea kwenye ile kona kati ya lami na ukingo mpaka kwenye tundu lenye chuma. Kona hiyo ndiyo kanivo yao. Ndiyo maana huwezi kuweka ubao au kabari ya simenti pale ili gari lipande kila jioni. Utazuia maji, na mwendesha baiskeli atavunjika shingo.

Pesa imekwenda wapi? Sikiliza. Kuna sheria yao ya barabara ya mwaka 1980. Kwa sheria hiyo huwezi kuvusha gari juu ya trotwari kila siku kwa sababu tu geti ni lako. Unaomba halmashauri. Unalipa ada ya ombi, na wakikataa mara nyingi hairudi. Anakuja mtu na mita kupima kama gari litakaa lote ndani bila kuchomoza nje. Halmashauri nyingi zinataka karibu mita tano za kina mbele ya nyumba. Kama barabara ni ya daraja la juu, unaomba na ruhusa nyingine ya ujenzi. Kama kuna mti wa halmashauri au nguzo ya taa, ama wanakukatalia ama unalipa kuihamisha. Halafu fundi si wewe unayemchagua popote: ni wa halmashauri au yule waliyemkubali.

Na kazi yenyewe si mawe saba. Trotwari yao ilijengwa kwa ajili ya miguu. Chini yake kuna bomba za gesi, za maji, na nyaya, zote zimelazwa hapo. Inabidi kuchimba eneo lote ambalo gari litapita, kuweka msingi mzito, kushindilia, kurudisha lami, na kuweka vizuizi na alama watu wapite salama wakati huo. Mimi niliyelaza mawe ya ukingo miaka mingi nakwambia: jiwe ndilo rahisi. Kilicho chini yake ndicho ghali. Na akimaliza kulipa yote hayo, bado pale si pake. Ni pa umma, kama kanivo ya Baba wa Wanne hapo juu.

Kuna jambo lilinichekesha. Tangu Oktoba 2008, kule England, ukitaka kusakafia uwanja wa mbele ya nyumba zaidi ya mita tano za mraba kwa kitu kisichonywa maji, na maji yake yaende barabarani, lazima uombe ruhusa. Ukiweka kokoto, au ukiyaelekeza maji kwenye bustani yako, huombi. Nikasema kumbe na wao wana mjane wa lupango wa pili anayegonga geti alfajiri.

Kwa hiyo Mama amwondolee mtoto neno la uongo. Lakini kama arusi ni ya ndugu wa tumbo moja, pauni 50 zingepatikana hata kwa kuacha jiwe moja. Hilo si la fundi wa barabara kuamua, mkae nalo wenyewe.

*Papa, nimepanga duka katikati ya mji, avenyu ya zamani yenye bodiri za betoni, yale mawe ya ukingo wa barabara. Mpangaji aliyenitangulia aliweka simenti kwenye kona ya bodiri ili gari la bidhaa lipande. Sasa imevunjika. Mlinzi anasema tupige bodiri kwa nyundo kubwa tuikate. Gharama yake si kubwa. Nifanye?*
*Mwenye duka*

Hapana, mwanangu. Bodiri ukiipiga nyundo haikatiki, inapasuka, na ufa unakwenda kwa jirani yake ambayo haikukukosea. Halafu betoni iliyopasuka inakula matairi ya huyohuyo mwenye bidhaa.

Bodiri inatolewa nzima. Ukisha kupata ruhusa ya komini, fundi achimbue nyuma yake, azitoe zote za njia ya gari kwa mtaimbo, achimbe chini kiasi cha kuzishusha, amwage betoni nyembamba ya kulalia, azirudishe zilezile zikiwa zimebaki vidole viwili juu ya lami. Ya mwanzo na ya mwisho azilaze kwa kuinama ziungane na zile ambazo hazikuguswa. Simenti ni mfuko mmoja, labda mmoja na nusu kama udongo nyuma ni mlegevu. Siku mbili za fundi na msaidizi wake. Nyuma ya bodiri, pale gari litakapopita, usirudishe udongo mtupu. Weka kokoto, shindilia, sakafia.

Na ile kabari ya simenti ya mpangaji wa kwanza iondoe yote, na mabaki yake usiyasukumie kwenye tundu la maji. Pakia kwenye brueti upeleke mbali. Fanya kabla ya Oktoba.